Kalenda ya Wenye Njaa

Anayepanda mti husifiwa na wengi. Hupigwa picha akiwa ameshika sepetu, hupigiwa makofi, na mti wenyewe hubaki kuwa shahidi wake. Lakini yule aliyekaa mezani miezi kadhaa kabla, akiwa na ramani ya shamba, penseli na orodha ya miche, akaamua kwamba hapa pasimame mwaloni na pale pasisimame kitu, huyo hatajwi. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Kwenye ardhi iliyotengwa kwa ajili ya wanyamapori, muundaji ni mpangaji, na nakusudia kumsifu yeye na ufundi wake.

Nchi ninayoizungumzia ni Wisconsin, jimbo la kaskazini mwa Marekani, ambako ufundi huu umepata baadhi ya walimu wake wakubwa. Huko baridi ndiyo inayougawa mwaka. Katikati ya majira ya baridi ardhi huganda hata sururu haiingii. Karibu na mwisho wa Machi huanza kulainika, na kuanzia hapo mpaka Mei kuna wiki chache tu ambazo udongo una maji ya theluji iliyoyeyuka, jua halijawa kali, na vitumba vya miti bado vimelala. Hizo ndizo wiki za kupanda. Miche hung'olewa kitaluni ingali imelala, ikakung'utwa udongo, ikafungwa mafungu na kusafirishwa mizizi ikiwa wazi. Ikianza kuchipua ingali kwenye fungu, uwezekano wa kupona ni mdogo. Vitalu vya serikali ya jimbo vilianza kazi mwaka 1911, na mwenye ardhi huagiza miche yake tangu majira ya majani kupukutika. Anayesubiri aone majani mapya ndipo afikirie la kupanda amekwisha kuchelewa kwa nusu mwaka. Kazi ya mpangaji hufanyika wakati hakuna kinachoota.

Mpanda mbao huuliza mti upi hukua haraka na kunyooka. Mpanda bustani huuliza upi unapendeza machoni. Mpangaji wa ardhi ya wanyama huuliza swali ambalo yeye mwenyewe hamo ndani yake: mwezi fulani, mahali hapa, nani atakuwa na njaa? Swali hilo ndilo moyo wa ufundi wenyewe. Humlazimu aujue mwaka kama viumbe wengine wanavyouishi.

Tuanze na Aprili. Malkia wa nyuki wakubwa wenye manyoya hutoka ardhini alikolala peke yake majira yote ya baridi, na akikosa chavua siku hizo, kundi lake halianzi. Mwerebi mfupi wa kinamasi humtolea maua wakati karibu kila kichaka kingine ni kikavu. Kati ya Juni na Julai huiva junberi, mojawapo ya matunda ya mwanzo kabisa, na ndege wenye makinda huligombania. Agosti ni zamu ya cheri nyeusi. Septemba ndege wahamao wanaelekea kusini, na mwili wao unahitaji mafuta kuliko sukari. Hapo dogwudi ya kijivu hutoa tunda dogo jeupe lenye mafuta mengi, ambalo huisha mapema. Oktoba mialoni inaangusha mbegu, na jei, ndege wa buluu mwenye kishungi, huzibeba na kuzifukia mbali, nyingine akaziacha zikaota.

Kisha huja miezi ya hatari, Februari na Machi. Chakula kilichoanguka chini kimefunikwa na theluji, na kitamu kilichokuwa matawini kimekwisha kuliwa. Mpangaji mzuri ameiwekea miezi hiyo kranberi ya kichaka, ambayo matunda yake mekundu ni makali kwa uchachu, hata ndege huyapita wakiwa na la kuchagua. Yanabaki yananing'inia juu ya theluji mpaka la kuchagua liishe. Vilevile ameuacha umesimama mwaspeni mkubwa wa kiume, kwa kuwa grausi, ndege wa jamii ya kwale, huyapitisha majira ya baridi akila vitumba vyake vya maua. Tunda lisilotamaniwa na yeyote mwezi wa Oktoba ndilo linaloshika uhai mwezi wa Machi. Mpangaji hupima hivyo, kama mama anayegawa unga wa pipa ili ufike mwisho wa mwezi.

Lakini matunda peke yake hayatoshi, na hapa ndipo mpangaji hodari anapomzidi mwenye nia njema tu. Makinda ya ndege wengi wadogo hayalelewi kwa matunda. Hulelewa kwa viwavi, laini na wenye lishe. Douglas Tallamy, mwanasayansi wa wadudu wa Chuo Kikuu cha Delaware, ameeneza hesabu inayopaswa kubandikwa ukutani kwa kila mpangaji: jozi moja ya chikadi, ndege asiyefikia uzito wa barua nzito, huhitaji viwavi 6,000 hadi 9,000 kukuza kizazi kimoja cha makinda. Na viwavi hawali kila jani. Wengi wao wamefungamana na miti waliyoishi nayo kwa maelfu ya miaka. Mwaloni wa kwao hulisha mamia ya spishi zao; mti mzuri ulioletwa kutoka bara jingine unaweza kulisha wachache mno. Kwa hiyo anayeandika mwaloni kwenye orodha yake anaandika pia viwavi, na pamoja na viwavi anaandika ndege.

Baada ya chakula huja makao. Upepo mkali wa majira ya baridi huko huvuma zaidi kutoka kaskazini-magharibi, basi upande huo hupangwa safu kadhaa za misprusi na mierezi isiyopukutisha majani, na nje yake safu ya vichaka vya kuinasa theluji kabla haijazika maficho ya ndani. Nafasi nazo zina hesabu yake. Ukipanda futi 8 kwa 8 unapata takriban miti 680 kwa ekari, na siku moja matawi yatafunga na nyasi za chini zitakufa. Ukitaka mwanga ufike chini, unaacha nafasi tangu kwenye karatasi. Mwaka 1933 Aldo Leopold, mmoja wa walimu hao wa Wisconsin, alichapisha kitabu cha Game Management, ambamo alieleza jinsi viumbe wengi wa mawindo wanavyoongezeka pale aina mbili za makao zinapokutana, msitu na shamba, kichaka na nyasi. Tangu hapo mpangaji amekuwa mchoraji wa kingo. Haukati msitu wake kwa mstari ulionyooka. Huupinda, akaushusha kwa ngazi kutoka mti mrefu hadi kichaka, kutoka kichaka hadi nyasi.

Leopold mwenyewe hakuishia kuandika. Mwaka 1935 alinunua shamba lililochoka kando ya Mto Wisconsin, karibu na Baraboo, kwenye udongo wa mchanga uliokwisha kunyonywa na kilimo. Jengo lililobaki lilikuwa banda la kuku, nalo familia yake ikaligeuza kibanda cha kulala. Yeye, mkewe Estella na watoto wao watano walipanda misonobari, na pamoja nayo mialoni na vichaka vya matunda. Ukame wa kiangazi cha 1936 uliua karibu miche yote ya mwaka ule. Majira yaliyofuata ya kuchipua walirudi wakapanda tena, na tena, mpaka miti waliyoipanda ikahesabika kwa makumi ya maelfu. Na kila mwaka waliandika tarehe: ua gani limefunguka lini, ndege gani amerudi lini. Daftari hilo lilikuwa sehemu ya upandaji, kwa sababu mtu hawezi kupangia mwaka asioujua. Aprili 21, 1948, msimu wa kupanda ukiendelea, Leopold alifariki akisaidia kuzima moto wa nyasi kwenye ardhi ya jirani. Kitabu chake A Sand County Almanac kilitoka 1949. Misonobari yake ilipokomaa na kusongamana, mingine ilipunguzwa, na magogo yake yakajengea kituo cha mafunzo kilichofunguliwa hapo 2007.

Tena ufundi huu una upande wake wa kukataa, nao ndio mgumu zaidi. Miongoni mwa wanafunzi wa Leopold walikuwamo Frederick na Frances Hamerstrom, waliotumia miaka mingi katikati ya Wisconsin wakimtetea kuku-mwitu wa nyika. Ndege huyo hutaka uwazi. Mti mrefu kwake ni kituo cha mwewe, na akiuona huhama. Kwenye ardhi kama hiyo, mpangaji anayemjali mnyama hapandi mti, hata kama kitalu kinamgawia bure. Anaziacha nyasi mahali pake, na kwenye ramani yake sehemu ile tupu ni uamuzi sawa na sehemu iliyojaa.

Historia imeonyesha gharama ya kuliruka swali moja. Tangu miaka ya 1930 wakala za serikali ya Marekani zilihimiza wakulima wapande waridi la maua mengi kutoka Asia, liwe uzio na maficho ya ndege. Baadaye ukafuata mzeituni wa vuli, nao ukisifiwa kwa wingi wa matunda. Ndege walikula kweli. Kisha wakazibeba mbegu hadi malishoni na misituni, na leo wenye ardhi wa majimbo mengi wanaing'oa mimea hiyo kwa jasho. Waliopanga hawakukosa huruma. Walimuuliza ndege anakula nini, wasiulize ataipeleka wapi mbegu.

Aprili inapofika, mpango wote huo hushuka hadi kwenye mche mmoja. Utazame mkononi: kijiti chenye urefu wa shubiri mbili, kisicho na jani, na mizizi yake imening'inia kama nyuzi za kahawia. Adui yake wa kwanza ni hewa. Mizizi hiyo laini ikikaa juani na kwenye upepo kwa dakika chache hukauka, kwa hiyo miche hutembea ndani ya ndoo yenye tope jepesi, ikatolewa mmoja mmoja. Sepetu huzamishwa wima, ikasukumwa mbele ufa ufunguke. Mche huingizwa chini kuliko unavyotakiwa, kisha ukavutwa juu kidogo ili mizizi inyooke. Ikijikunja na kuelekea juu, mti unaweza kuishi miaka kadhaa na kudhoofika baadaye bila mtu kujua sababu. Shingo ya mche hubaki usawa wa udongo. Ufa hufungwa kwa kisigino, kwa nguvu, kwa kuwa tundu la hewa likibaki chini mizizi hukauka humo. Ukivuta ncha ya mche kwa vidole viwili na mche usitoke, umepanda.

Hapo kazi haijaisha, na mpangaji alikwisha kuihesabu. Kulungu wenye mkia mweupe hula vitumba vya mwaloni mchanga kila majira ya baridi, basi bei ya mrija wa kuukinga imo kwenye bajeti tangu Januari. Panya hutafuna gome chini ya theluji. Nyasi hunywa maji kabla ya mche, hivyo palizi au matandazo ni ya miaka mitatu ya mwanzo. Fundi anayejua nguvu zake hupanda miche mia tano atakayoitunza, akawaachia wengine sifa ya kupanda elfu tano.

Ufundi huu haukufungiwa kwenye nchi za theluji. Wangari Maathai alisoma biolojia Kansas, akahitimu 1964, kisha akaendelea Pittsburgh, na mwaka 1977 akaanzisha Kenya vuguvugu la Green Belt, ambamo wanawake wa vijijini walikusanya mbegu za miti ya kwao na kuzikuza vitaluni. Swali ni lilelile. Majira ndiyo yaliyobadilika. Anayejiandaa kwa masika na ana kipande kando ya mto atamkumbuka mkuyu, kwa kuwa mikuyu haizai yote kwa wakati mmoja, na miezi ya ukame tini zake hulisha ndege, popo na nyani. Na atakumbuka milima ya Usambara Mashariki nchini Tanzania, ambako msizi, mti wa kanda ya Ziwa, ulipandwa mlimani na hondohondo wakautawanya mpaka ukaivamia misitu ya asili. Mti unaweza kuwa wa nchi yetu na usiwe wa mlima wetu.

Kwa hiyo namwomba kila mwenye ardhi, awe na ekari mia au robo ekari, aanze na karatasi kabla ya sepetu. Aandike miezi 12, na mbele ya kila mwezi aandike nani anaishi hapo, anakula nini na anajificha wapi. Mwezi utakaobaki wazi ndio utakaomwambia aagize mche gani. Huo ndio ufundi ninaousifu, na unaweza kufundishwa shuleni kuanzia darasa la kwanza, kwa kuwa unahitaji macho, daftari na kuwajali wengine kuliko unavyohitaji fedha.