Kwa Nini Alilivua Chubwi?

Kosa lilikuwa moja, na lilitosha kuharibu asubuhi nzima: kulivua chubwi. Mliotoka Kihanga kwenda kutazama uvuvi pale Mto Kagera mlimwona kijana yule akiinama, akakata uzi, akatia chubwi mfukoni, kisha akamfunga upya nyungunyungu wake wa plastiki akiwa mtupu.

Mengine aliyafanya vizuri. Kona aliichagua vyema, fundo lilikuwa safi, tupio lake lilitua ukingoni mwa mafunjo bila kishindo.

Turudi kwenye chubwi. Alianza kwa mtindo wa Texas, na huo ndio uliofaa pale: chubwi linatangulia, ncha ya ndoano imefichwa ndani ya plastiki, chambo kinatambaa chini bila kunasa kwenye mizizi. Kisha uzi ukasogea kando, ukalegea. Baada ya muda ukasogea tena, ukalegea. Chini kulikuwa na samaki, na kwa mwendo ule sina shaka alikuwa kambare. Kijana akaamua kwamba samaki anatema chambo kwa sababu ya uzito. Hapo ndipo alipopotea.

Kambare hatemi uzito. Anatema kitu kisicho na ladha. Ana jozi nne za sharubu, na sharubu hizo ndizo ulimi wake wa nje. Katika maji ya Kagera, mekundu kwa udongo wa milimani, macho hayamsaidii kitu. Anagusa, anaonja, anaamua. Nyungunyungu wa shambani humwaga ute wake majini, wa plastiki hamwagi chochote. Dawa ilikuwa kumpaka dagaa waliosagwa na kumwacha alale palepale chini. Badala yake chambo kilipoteza kilichokishikilia sakafuni, mkondo ukakibeba juu, naye akaanza kukivuta mbiombio juu ya kichwa cha samaki aliyekwisha kuja mwenyewe. Aliendelea hivyo mpaka watu wakatawanyika.

Najua alikoitoa mbinu hiyo. Video zote hizo za nyungunyungu asiye na chubwi, anayeshuka polepole huku akitetemeka, zinamhusu samaki aitwaye besi, na besi huwinda kwa macho. Ukiwa Ziwa Naivasha, ambako besi waliletwa kutoka Marekani mwaka 1929, mtindo huo una mahali pake, kwenye maji yaliyotulia. Nick Creme wa Akron, Ohio, alipotengeneza nyungunyungu wake wa plastiki mwaka 1949, alikuwa akimfikiria besi, hakuwa akimfikiria kambare wa mto wenye tope. Nimesema hapa mara nyingi na nitasema tena: kabla ya kuiga mkono wa mtu, uliza maji yake yalikuwaje na samaki wake anakulaje.

Hata hao Wamarekani, wale wakubwa wa zamani hawakuwa na papara hii. Larry Nixon, bingwa wa mashindano ya kuvua besi ya Bassmaster Classic ya mwaka 1983 katika Mto Ohio, alijijengea jina kwa nyungunyungu wa plastiki, na sifa yake ilikuwa subira: chambo kiguse chini, kidole kisikilize uzi. Wazee niliowakuta Kagera nikiwa mdogo hawakumjua Nixon, lakini walifunga jiwe, wakatia nyungunyungu wa migombani, wakakaa kimya. Uzi ukisogea hawakubadilisha kitu. Walingoja usogee tena na usirudi, ndipo wakavuta. Sijaona kijana wa sasa mwenye kidole kama chao, na rili hizi za bei ghali hazijawapa vijana kidole hicho.

Tena kuna vipande vya plastiki vilivyokatikia kwenye mafunjo. Plastiki hiyo haiozi. Ikimezwa huvimba tumboni mwa samaki. Tunalia na nyavu za kokoro na timba, na tuna haki ya kulia, lakini mvuvi wa ndoano naye aokote mabaki yake.

Akirudi kwenye kona ile, na arudi, maana kambare yule bado yupo, alirudishe chubwi, apake dagaa, aiachie ncha ya ndoano itokeze kidogo kwa ajili ya mdomo mgumu, na rili asiiguse mpaka uzi uondoke moja kwa moja.