Ngome ya Horombo na Mizani ya Kuipimia

Msomaji wa mwambao, aliyezoea matumbawe na chokaa ya Ngome Kongwe ya Unguja, aghalabu huzidharau ngome za Wachagga. Haoni buruji, haoni matundu ya mizinga. Kasoro hapo imo katika mizani yake, si katika ngome.

Mangi Horombo wa Keni, huko Rombo, alijenga ngome za mawe mwanzoni mwa karne ya 19. Mawe ya volkeno yalipangwa bila chokaa, kila jiwe likishikwa na uzito wa jenzake, mfano wa neno katika ubeti uliopimwa vyema. Migongo ya Kilimanjaro hutengwa na makorongo yenye kina kirefu. Hivyo mito ilikwisha kuchimba handaki, na mjenzi alihitaji kuziba tu pale mlima ulipoacha wazi.

Hata hivyo, sifa hiyo haitoshi. Mawe yalibebwa na watu wa nchi alizozishinda Horombo. Mikono iliyotengwa na makorongo ilikutanishwa katika ukuta mmoja, lakini kwa amri. Wamasai walipomuua vitani, himaya yake ilisambaratika, ukuta ukabaki. Mhakiki anayemtaja mangi peke yake kuwa ndiye mjenzi amesoma jina la mtunzi, akaliacha shairi.

Utengano huo ulidhihirika tena Kibosho. Mnamo Februari 1891 Hermann von Wissmann alilishambulia boma la mawe la Mangi Sina. Ukuta uliotosha kuzuia mikuki ulikabiliwa na mizinga ya Wajerumani. Na pamoja na Wajerumani walikuwamo wapiganaji wa jirani yake, Mangi Rindi wa Moshi, aliyejulikana pia kwa jina la Mandara.

Al-Inkishafi imemzoesha msomaji kuona katika magofu ya Pate onyo juu ya fahari ya dunia. Mabaki ya Keni yanaongeza swali: nani aliyabeba mawe, na alilazimishwa na nani? Leo majina ya Mandara na Horombo yamepewa vituo vya wapanda mlima katika njia ya Marangu, cha Horombo kikiwa mita 3,720 juu ya usawa wa bahari. Heshima hiyo itakamilika iwapo mgeni anayelala humo atasimuliwa habari za ukuta wa Keni, na za wale walioupandisha.