Karipio Lililompa Amin Jeshi

Jeshi la Uganda halikuharibika Januari 25, 1971, siku Idi Amin alipompindua Obote. Liliharibika 1962, Gavana Walter Coutts alipomuuliza Milton Obote, waziri mkuu mpya, Luteni Idi Amin afanywe nini, na Obote akachagua karipio kali.

Kesi yenyewe haikuwa na utata. Kikosi cha Amin kilipelekwa Turkana, Kenya, kukomesha wizi wa mifugo, kikaacha nyuma maiti za watu waliopigwa na kuteswa. Wakuu wa serikali Nairobi walitaka ashtakiwe. Obote akapiga hesabu ya siasa: uhuru ni Oktoba, na Amin na Shaban Opolot ndio Waafrika wa Uganda waliotangulia kupata kamisheni; ukimfunga mmoja, utabaki na nani? Hesabu mbovu kabisa! Jeshi lenye maofisa wa kuhesabika kwa vidole halina pa kumficha muuaji. Askari waliokuwa naye Turkana waliona bosi wao akirudi na nyota zake mabegani, tena mwaka huohuo akawa kapteni. 1963 meja, 1964 naibu mkuu wa jeshi, 1966 mkuu. Kila ngazi ilijengwa juu ya karipio lile.

Kwata ya kambi ya Jinja, alikolelewa Amin katika King's African Rifles (KAR), jeshi la mkoloni, ilikuwa safi, sina neno. Ila nimelisema miaka yote na narudia: KAR ilipima kifua kabla ya kichwa. Amin, bingwa wa ndondi, alipewa ueffendi, cheo cha juu cha askari Mwafrika asiye na kamisheni, 1959 na kamisheni 1961, kana kwamba ngumi ni uongozi.

Na msiniambie hapakuwa na njia nyingine. Mtanzania David Musuguri aliingia KAR hiyohiyo 1942, na 1979 ndiye aliyeiongoza Divisheni ya 20 ya Tanzania hadi Kampala kumng'oa Amin. Maasi ya wanajeshi ya Januari 1964 yalipotokea Tanganyika, Nyerere alilivunja jeshi zima, akaleta askari wa Nigeria washike doria, akaanza upya na Mrisho Sarakikya kama mkuu wa jeshi. Alikubali kukaa bila jeshi lake kuliko kukaa na jeshi asiloliamini. Obote alishindwa kumfukuza luteni mmoja.

Waliofaa ndio waliopotea. Brigedia Pierino Okoya, aliyemlaumu Amin kwa kukimbia wakati Obote alipopigwa risasi Desemba 1969, aliuawa pamoja na mkewe nyumbani kwao Gulu mwezi uliofuata. Hata hapo Amin hakuvuliwa cheo.