Kukubaliwa na Miungu, Kukubaliwa na Watu: Uhakiki wa Filamu ya Haiti

Filamu iitwayo Of Men and Gods, iliyotolewa mwaka 2002 na Anne Lescot na Laurence Magloire, huchukua dakika 52 tu. Lakini swali inalolizusha halimaliziki kwa muda huo. Je, mtu akikwisha kukubaliwa na miungu, amekubaliwa na watu pia?

Wahusika wake ni wanaume wa Haiti wapendao wanaume, wafuasi wa dini ya Vodu. Wanajieleza wenyewe kwa Kikrioli, na maelezo yao yanafanana: jinsi walivyo si kwa kutaka kwao, bali ni kwa kuchaguliwa na roho, hasa Ezili Dantò. Katika ibada, roho humpanda mtu, na aliyepandwa huitwa farasi wake. Msomaji wa Kiswahili hatapata taabu hapo, maana katika lugha hii nako pepo hupanda, na aliyepandwa huitwa kiti. Mwanamume aliyepandwa na Ezili hunena na kutenda kama mwanamke, wala hahesabiwi kosa, kwa kuwa anayetenda si yeye, ni roho.

Ubora wa kwanza wa filamu umo katika lugha. Neno masisi, ambalo mitaani ni tusi, wahusika wanajiitia wenyewe, na kwa kujiitia hivyo wanalipunguza makali. Atakayetaka kulitafsiri kwa neno shoga la pwani ya Afrika Mashariki na ajihadhari: shoga ni rafiki wa kike baina ya wanawake kabla ya kuwa tusi kwa wanaume. Historia za maneno hayo mawili ni mbalimbali. Kwa upande mwingine, Kikrioli kina kiwakilishi kimoja, li, kwa mwanamume na mwanamke, sawasawa na yeye ya Kiswahili. Kifaransa hulazimisha kuchagua baina ya il na elle, hivyo mfasiri hukata shauri ambalo msemaji hakulikata. Tafsiri ya Kiswahili ingeweza kuuacha wazi mlango ulioachwa wazi na wahusika.

Hata hivyo, filamu ina upungufu. Wanawake wapendao wanawake, ambao Wahaiti huwaita madivin, hawamo miongoni mwa wahusika wakuu. Tena, kwa kuitegemea sana hoja ya kuchaguliwa na roho, filamu haimsaidii yule asiye na roho wa kumsemea: Mprotestanti, kwa mfano, au asiye na dini yoyote. Mtu huyo atasimama mbele ya majirani na hoja gani? Udhuru si haki. Mwenye udhuru husamehewa. Mwenye haki haombi msamaha. Isitoshe, kivuli chenyewe kilikuwa hakijatulia, kwani serikali ya Haiti iliitambua Vodu rasmi mwaka 2003 tu, yaani mwaka mmoja baada ya filamu kutoka.

Yaliyofuata yanathibitisha shaka hiyo. Haiti, tangu ilipopata uhuru mwaka 1804, haikuwa na sheria ya kumwadhibu mtu kwa mapenzi ya jinsia moja, tofauti na Jamaika yenye sheria ya mwaka 1864 iliyoachwa na Waingereza. Lakini kutoadhibiwa na sheria si kulindwa. Baada ya tetemeko la ardhi la tarehe 12 Januari 2010, walikuwapo waliodai kwamba msiba ule uliletwa na watu wa namna hii. Mwaka 2016 tamasha la Massimadi mjini Port-au-Prince halikufanyika kwa sababu ya vitisho. Mwaka 2017 Baraza la Seneti lilipitisha mswada wa kupiga marufuku ndoa za jinsia moja na kuunga mkono hadharani mapenzi ya jinsia moja.

Kwa hiyo filamu hii isisomwe kama habari njema kwamba Vodu imelimaliza tatizo. Isomwe kama ushahidi wa watu walionyimwa nafasi barazani wakaipata madhabahuni, wakaitumia kwa akili na kwa heshima. Uzuri wa madhabahu hiyo hauwaondolei walioko barazani deni lao.