Heko kwa Mtoa Madoa

Kati ya kazi zote za ufukweni, sijaona inayodharauliwa kama kuosha chombo. Nahodha anajulikana kwa jina. Fundi wa mashine anaamshwa usiku wa manane na kubembelezwa. Mwongoza wazamiaji anapigwa picha na wageni. Anayebaki na boti jioni, na ndoo yake na brashi yake, ni "yule kijana". Huyo ndiye ninayetaka kumsifu, na hasa anayeosha boti ya mpira, kwa sababu katika vyombo vyote vielevyo majini hakuna kinachodai akili ya mwoshaji kama hicho.

Jahazi la mbao linavumilia. Wazee wetu walilipweleza wakati wa bamvua, maji yakapwa, chombo kikalala mchangani, wakawasha mienge ya makuti na kuupitisha moto tumboni mwake ili kuunguza mwani na kuwaua wadudu watoboao mbao. Kisha wakakipaka shahamu iliyochanganywa na chokaa sehemu izamayo majini, na huko juu sifa, yale mafuta ya maini ya papa ambayo harufu yake haimtoki mtu puani. Ulikuwa usafi wa moto na wa kukwangua, nao ulikuwa ufundi mkubwa. Lakini mbao ina unene. Ukiikwangua leo kupita kiasi, kesho bado ipo, na ubao uliooza unabadilishwa.

Boti ya mpira haichomwi wala haikwanguliwi. Nguo yake ni kitambaa cha nailoni au poliesta kilichovikwa mpira au plastiki, na kwa kawaida unene wote haupiti sana milimita 1. Ndani mna upepo, basi. Mtu anayetoa doa hapo anafanyia kazi juu ya kitu chembamba ambacho ndicho kinachomtenga abiria na bahari, na hana ziada ya kupoteza.

Na kitu hicho chembamba kimefanya makubwa. Mwaka 1952 daktari Mfaransa, Alain Bombard, alivuka Atlantiki peke yake kutoka Las Palmas hadi Barbados, siku 65, katika boti ya Zodiac yenye urefu wa kama mita 4.6. Alitaka kuonyesha kwamba waliovunjikiwa na chombo wanaweza kuishi kwa kile bahari inachotoa. Leo boti za namna hiyo zinabeba waokoaji na wanamaji, zinapeleka wazamiaji kwenye miamba ya pwani yetu, na huko Jinja zinashuka na watalii kwenye maji ya kasi ya mto Nile. Zote hizo zinachafuka, na zote zinamsubiri mtu wa kuzisafisha bila kuziua.

Kabla hajagusa doa, fundi anataka kujua ameshika nini. Boti za mpira tunazokutana nazo zaidi ni za aina mbili. Kuna za PVC, plastiki ileile ya mabomba ya maji, ila imetiwa vilainishi mpaka ikakubali kukunjika. Na kuna za Hypalon, mpira wa viwandani ulioletwa sokoni na kampuni ya DuPont ya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1950. DuPont yenyewe iliacha kuutengeneza mwaka 2010, lakini mpira wa jamii hiyo bado unatengenezwa kwingineko na jina limebaki midomoni mwa watu. PVC ni nyororo na inang'aa. Hypalon imefifia kidogo, na ikizeeka juani hutoa unga mwembamba unaobaki kwenye nguo za abiria. Asiyejua huona weusi juu ya unga huo akadhani uchafu umezama ndani kabisa. Mara nyingi haujazama. Umekaa kwenye unga tu, na brashi laini yenye povu la sabuni ikiuondoa unga, weusi unakwenda nao.

PVC ndiyo yenye kuhuzunisha, maana ndiyo inayoharibiwa zaidi na watu wenye nia njema. Mtu mwenye haraka hufikiria kwanza thina, asetoni au petroli, kwa kuwa vitu hivyo havikosekani mahali penye mashine. Doa linaondoka kweli, tena mbele ya macho. Ila linaondoka pamoja na vile vilainishi vya PVC, na tabaka la juu linaanza kulegea. Baada ya muda pale mahali panakuwa ulimbo: panashika vumbi, mchanga, nyuzi za taulo, alama za viganja vya kila anayepanda. Mwenye boti anakuja kulalamika kwamba doa limerudi. Halijarudi. Lile la kwanza lilikwisha siku ileile, na hili analoliona sasa ni boti yenyewe inayokufa. Ndiyo maana naamini kwamba kujua kisichopaswa kutiwa kwenye kitambaa ni nusu nzima ya ufundi huu, tena nusu iliyo ngumu zaidi, kwa sababu haionekani. Hakuna anayempongeza mtu kwa thina ambayo hakuitumia.

Nusu ya pili ni kulijua doa. Boti zetu nyingi hupumzishwa chini ya mkungu, ambao kivuli chake ni kipana na hauogopi chumvi. Majani yake makubwa yakiangukia tyubu yakanyeshewa, hutoa rangi ya kahawia inayotokana na tanini, jamaa ya ile iliyomo kwenye magome ya mikoko yaliyokuwa yakiuzwa ng'ambo kwa kazi ya kutengeneza ngozi. Rangi hiyo ni kaidi. Vivyo hivyo kutu ya nanga iliyoachwa usiku kucha omo, ikachora mstari mwekundu mpaka sakafuni. Sabuni haiyawezi madoa hayo mawili, hata usugue mpaka jua lichwe.

Mtazame anayejua akiyatoa. Anavua saa na pete. Anaimwagia boti maji baridi ya kisima kuanzia juu, pole pole, mpaka mchanga wote uteremke, kwa sababu chembe ya mchanga ikibaki chini ya brashi inachora mikwaruzo, na mikwaruzo ndiyo nyumba ya uchafu wa kesho. Halafu anaichovya brashi na kupitisha vidole katikati ya nywele zake, akitafuta kwa ncha za vidole kama imebeba chembe nyingine. Anaosha kwa sabuni ya vyombo ili mafuta ya juu yatoke. Sasa ndipo anapochukua ndimu. Anaikamulia kwenye kitambaa cheupe, cheupe kwa makusudi, ili rangi ya boti yenyewe ikianza kutoka aione mara moja. Anakijaribu kwanza mahali pa siri, karibu na tezi, ambapo macho ya mgeni hayafiki. Hakuna ubaya uliotokea? Anakilaza juu ya doa, kivulini, wala si juani, maana juani kitakauka kabla hakijafanya kazi na kuacha duara jipya. Anangoja. Asidi ya ndimu inakishika chuma kilicho kwenye kutu na kukilegeza; haihitaji nguvu za mtu, inahitaji muda. Anainua ncha ya kitambaa, anachungulia, anakirudisha. Akimaliza anasuuza kwa maji mengi na kukausha. Ikiwa doa limepungua tu, hakandamizi zaidi. Analiachia siku nyingine.

Lami haisikii ndimu. Yale mabonge meusi yanayotupwa pwani na mawimbi, mabaki ya mafuta mazito ya meli, hunata kwenye nyayo za watu na nyayo zikayapandisha botini. Huyo adui analainishwa kwa mafuta ya nazi au ya kupikia, kidogo sana, aachwe alegee, afutwe bila kutandazwa. Kisha mafuta yenyewe yaoshwe kwa sabuni mpaka kidole kikipita juu ya tyubu kitoe mlio.

Lipo pia doa la manjano linaloelekea wekundu, pale pale wageni wanapokalia. Wengi hulidhania kutu na kuitafuta nanga iliyoliacha, wakati hakuna nanga iliyofika hapo. Linatoka kwenye mafuta ya kujikinga na jua. Baadhi yake yana kemikali iitwayo avobenzoni, nayo ikikutana na madini ya chuma yaliyomo kwenye maji hugeuka rangi ya kutu. Fundi analitendea kama kutu, kwa ndimu, na safari ijayo anawaomba wageni wajipake mapema, mafuta yakauke mwilini kabla hawajapanda. Ombi hilo dogo linaokoa kazi nyingi, nami nashangaa jinsi vituo vichache vinavyomruhusu mwoshaji azungumze na wageni.

Kuhusu jiki nina neno la mkazo. Ukungu mweusi ukitokea kwenye mikunjo ya boti iliyokunjwa ikiwa mbichi, mkono wa kila mtu unakimbilia chupa hiyo. Mazungumzo ya mzee na mwanafunzi wake huwa hivi:

"Babu, hapa nitie jiki?"

"Umeshajua hili doa limetoka wapi?"

"Bado."

"Basi iache kwenye chupa, mjukuu wangu. Niletee siki na maji."

Mzee ana haki. Jiki kali ikirudiwarudiwa inachosha nyuzi za mishono na kukausha mpira, na vishikizo vya chuma inavila. Juu ya doa lile la mafuta ya jua huzidisha rangi badala ya kuiondoa. Na ikichanganywa na siki au ndimu hutoa hewa ya klorini, ambayo ni sumu ya mapafu. Kijana anayeosha tumbo la boti akiwa ameinama kwenye banda lisilo na dirisha anaweza kuumizwa vibaya na mchanganyiko wa vitu viwili ambavyo kila kimoja kinauzwa dukani bila onyo la kutosha. Siki iliyopunguzwa kwa maji, brashi laini, jua la asubuhi na kukausha vizuri kabla ya kukunja vinatosha kwa ukungu mwingi.

Halafu kuna doa la waridi. Hutokea kwenye PVC, rangi ya pinki hafifu isiyo na kingo, na kila unachotia hakiliathiri. Chanzo chake ni vijidudu vinavyostawi kwenye unyevu, mara nyingi upande wa pili usioonekana, na rangi vinayotoa inapenya kupitia vile vilainishi mpaka inajitokeza juu. Iko ndani ya plastiki. Huwezi kuisugua kwa kuwa haipo pale unaposugua. Hapa ndipo ninapomheshimu fundi kuliko mahali pengine popote: anamwambia mwenye boti kwamba hili halitoki, boti ni nzima, upepo haupotei, iache. Asiye fundi atachukua msasa ili asionekane ameshindwa, na jioni ile tyubu itaanza kupumua.

Kung'arisha nako kuna hila yake. Zinauzwa dawa za kupaka zenye silikoni, zilezile za dashibodi za magari, na boti iliyopakwa hupendeza siku mbili tatu. Inateleza pia, na mzamiaji anayepanda na mtungi mgongoni hahitaji utelezi. Baya zaidi, silikoni ikishakaa kwenye kitambaa gundi haishiki tena vizuri. Siku tyubu itakapotoboka kwenye mwamba, kiraka kitakachobandikwa kitang'oka, na anayeshona na kubandika atalaumiwa kwa kosa lililofanywa na mpenda mng'ao. Mwoshaji mzuri anamfikiria mbandika viraka ambaye huenda hatamwona kamwe.

Anaifikiria na bahari. Boti huvutwa juu, mbali na mstari wa maji, ili povu linywewe na mchanga badala ya kushukia kwenye nyasi za bahari na matumbawe. Watalii wanalipa kuja kuyaona matumbawe hayo, na sisi tunakula samaki wanaoyategemea.

Enyi wenye boti, mnaoishi kwa vyombo hivi: mpeni mwoshaji maji baridi ya kutosha, kwa kuwa chumvi haioshwi kwa chumvi. Mjengeeni paa la makuti, afanye kazi kivulini na boti nayo ilale kivulini pasipo majani ya mkungu. Mnunulieni glovu, na brashi mpya ile ya zamani ikichakaa. Msimkabidhi boti saa kumi na mbili jioni mkataka ing'ae alfajiri, kwa maana ndimu haina haraka. Na mnapopanga mishahara, mhesabuni pamoja na mafundi.