Sifa za Mfugaji wa Mjusi Mwenye Ndevu

Katika kazi zistahiliyo sifa na ambazo aghalabu hazisifiwi, naitaja kazi ya mtu afugaye mjusi mwenye ndevu, yule aitwaye na wanazuoni Pogona vitticeps, mwenyeji wa nyika kavu na majangwa ya Australia ya ndani. Mnyama wa urefu wa takriban nusu mita tangu pua hata ncha ya mkia, ambaye anapoghadhibika hulitunisha koo lake lenye miiba likageuka jeusi. Jamaa zake wa mbali tunao hata sisi, wale wenye vichwa vyekundu waotao jua juu ya majabali ya Serengeti. Lakini huyu wa Australia, ijapokuwa nchi yake imekataza wanyama wake kupelekwa ng'ambo kwa biashara, leo huzaliwa kizazi baada ya kizazi katika nyumba za watu wa Ulaya na Marekani, mbali na jua aliloumbwa kuishi chini yake. Amchukuaye mjusi huyo nyumbani hana budi kumtengenezea na jua.

Mwenye kuanza hudhani kwamba atahangaika kutafuta wadudu. Taabu humjia kwa mlango mwingine. Mjusi akiwa mchanga, mwili wake ukikua mbio, chakula chake kingi ni nyenje, mende wa kufugwa na mabuu. Akishapevuka, mambo hugeuka, na sehemu kubwa ya maakuli yake hupasa kuwa majani. Lakini jicho lililozoea kumfuata nyenje arukaye haliioni riziki katika jani lililotulia kisahanini. Majani hunyauka tangu asubuhi hata jioni bila kuguswa, mwenye nyumba akafadhaika, na kwa huruma akatoa wadudu. Na huruma hiyo ndiyo iitiayo tabia mizizi, kwa sababu mnyama hujifunza kwamba akingoja atapewa alitakalo. Mjusi mzima anayeshibishwa wadudu kila siku hunenepa kupita kiasi, na mafuta humjaa hata katika ini.

Fundi wa kweli halaumu kinywa kabla hajalikagua jua. Kizimba cha mjusi mzima, kisichopungua sentimita 120 kwa urefu, hukigawa pande mbili: upande mmoja pana jiwe au gogo chini ya taa ya moto, penye joto la nyuzi 40 za Selisiasi hivi, na upande wa pili pana kivuli cha nyuzi 25 au pungufu, ili mnyama achague mwenyewe, kwani damu yake haina moto wa kwake, na chakula kilichoingia katika tumbo la baridi hakisagiki. Juu yake huiweka taa ya pili, itoayo miale ya urujuanimno, ambayo ngozi huitumia kufanyiza vitamini D3, na bila vitamini hiyo madini ya chokaa hayapokelewi na mwili hata yangeliwa kwa wingi. Taa hiyo ina hila: huendelea kung'aa machoni petu ilhali miale yake imekwisha fifia, na kioo cha kawaida kikiwekwa kati huizuia karibu yote. Mifupa ya mjusi aliyekosa miale hiyo hulainika, taya likalegea kama mpira. Na mwenye taya la namna hiyo huonekana mkaidi wa majani, kumbe hana nguvu ya kuyatafuna.

Jua likishatengenea, ndipo ustadi wa sahani uanzapo. Nimemtazama mama mmoja mkazi wa Leicester akiifanya kazi hii kwa taadhima ambayo wengine huiweka kwa wageni wa heshima. Huiwasha taa alfajiri, akamwacha mjusi aote mpaka rangi yake imechangamka na njaa imemwamka, na saa hiyo, kabla ya mdudu yeyote, huleta majani. Sukuma wiki huikata nyembamba kama nyuzi, akachanganya majani ya haradali, akakwaruza boga juu yake kwa ajili ya rangi, kwa kuwa mjusi huyu huvutwa na manjano na nyekundu. Siku nyingine huongeza ua la haibiskasi, au kipande cha mpungate kilichoondolewa miiba. Spinachi hampi kila siku, maana ina oksaleti nyingi zishikazo chokaa isimfae mwili. Saladi nyeupe huiona maji matupu, na parachichi haliingii kizimbani kabisa. Mabuu mawili matatu huyatia katikati ya majani, nayo yakifurukuta jani hutikisika.

Nilimwona mjusi akiinamisha kichwa upande, jicho moja likiufuata ule ukwaruzo wa boga; akatoa ulimi wake mnene, akaligusa jani, akaurudisha, akafumba macho kidogo, kisha akarukia buu na kulimeza pamoja na sukuma wiki iliyolizunguka. Mama yule hakusema neno, wala hakuongeza mabuu. Majuma yalipita kwa mwendo huo. Wadudu aliwapunguza hata wakawa mara mbili kwa juma, na hao wenyewe huwalisha mboga nzuri tangu jana yake na kuwapaka unga wa chokaa, hata mjusi akatae majani namna gani, sehemu yake humfikia ndani ya tumbo la nyenje. Wako wasemao mnyama aachwe na njaa hadi asalimu amri. Mimi napendelea njia hii, kwani mchanga anayekua hana akiba ya kustahimili adhabu ya namna hiyo, na mkubwa hajifunzi ladha kwa kukomolewa.

Iko pia namna nyingine ya kukataa, nayo huja na majira ya baridi, mjusi mzima anapoacha majani na wadudu pia, akajichimbia kivulini akalala siku nyingi kama walalavyo wenzake wa Australia. Mfugaji mwerevu hapo huitoa mizani ya jikoni, akampima kila juma na kuandika; uzito ukisimama humwachia usingizi wake na maji safi karibu, na ukishuka kwa haraka humpeleka kwa tabibu wa wanyama siku hiyohiyo, bila kungoja siku zirefuke.