Nani Alimwangusha Norma Desmond?

Mwaka jana nilituma klipu kwenye grupu letu la WhatsApp. Jamaa aliyeigiza kwenye kipindi tulichokuwa tukikimbilia nyumbani kutazama enzi za shule ya msingi amesimama steji, mvua inanyesha, ameshika mfuko wa sukuma wiki, anangoja matatu kama mimi na wewe. Mtu alikuwa amemrekodi kupitia dirishani. Chini yake niliandika neno moja: "Ameisha." Watu wakacheka, kisha tukarudi kwa stori za mpira.

Klipu hiyo ilinirudia nikitazama Sunset Boulevard, filamu ya Billy Wilder ya 1950. Hii ndiyo nyanya ya zile video zote za "yuko wapi siku hizi?" ambazo mimi na wewe hubonyeza saa sita usiku.

Kama hujaiona: Joe Gillis ni mwandishi wa miswada ya filamu asiye na kazi. Anawakimbia watu wanaotaka kuchukua gari lake kwa sababu ya mkopo, na katika mbio hizo anaingia kwenye uwanja wa jumba kuukuu. Ndani anaishi Norma Desmond, staa wa filamu zisizo na sauti, ambaye dunia imemsahau isipokuwa mtumishi wake, Max. Norma ana miaka 50 na ameandika mswada mrefu ajabu kuhusu Salome, na Salome huyo atakuwa yeye mwenyewe. Joe anakubali kuurekebisha alipwe, halafu anahamia, halafu anakuwa mtu wa kununuliwa suti. Sikuharibii utamu nikisema anakufa. Maiti yake inaelea kwenye bwawa la kuogelea dakika za kwanza kabisa, na ndiyo inayotusimulia.

Ni filamu kali, sitadanganya. Kuna mahali Norma anarudi studio za Paramount akiamini wanamtaka tena. Anakaa kwenye kiti cha mwongozaji, maikrofoni inapita na kugusa unyoya wa kofia yake, naye anaisukuma kando kama nzi. Kisha fundi mmoja mzee wa taa, huko juu, anamtambua na kumgeuzia mwanga. Ghafla watu wanajaa, wazee kwa vijana, kila mtu anataka kumshika mkono. Ni muda mfupi tu, kisha taa inaamriwa irudi kwenye kazi yake. Baadaye tunajua kwa nini studio ilikuwa ikimpigia simu: walitaka kukodisha gari lake la zamani.

Hapo nilitokwa na machozi. Mara ya pili, nilitokwa na swali.

Norma ana pesa. Tena nyingi. Wilder na wenzake wamempa visima vya mafuta Bakersfield, jumba, bwawa, gari lenye viti vya ngozi ya chui. Hajawahi kukosa kodi ya nyumba. Anayesumbuliwa na pesa ni Joe, kijana, mwandishi, mtu tunayeambiwa tujione ndani yake. Ukishamwondolea staa aliyezeeka tatizo la pesa, kinachobaki ni nini? Kioo. Kujipenda kwake, umri wake, wazimu wake. Kuanguka kwake kunakuwa ugonjwa wa kichwani mwake mwenyewe, na sisi tunakaa pale tukimtazama kama watu waliokuja hospitalini bila kumletea mgonjwa hata chungwa.

Ajabu ni kwamba ukweli uko ndani ya filamu hiyohiyo, umekaa mezani ukicheza karata. Norma ana marafiki watatu wa zamani wanaokuja kucheza naye. Joe anawaita sanamu za nta. Ni waigizaji halisi wa enzi zile: Anna Q. Nilsson, H. B. Warner na Buster Keaton. Keaton anasema neno moja tu, mara mbili, la kupitisha zamu yake. Tunacheka kidogo, kamera inaondoka.

Ngoja, tusiondoke nayo. Miaka ya 1920 Keaton alikuwa akiandika, akiongoza na kuigiza filamu zake mwenyewe, akining'inia na kuanguka bila mtu wa kumwigizia hatari. The General ilitoka 1926. Mwaka wa 1928 alikubali kuacha studio yake ndogo na kuweka sahihi MGM, na baadaye alilitaja jambo hilo kuwa kosa kubwa kuliko yote maishani mwake. Mshahara ulikuwa mnono, 3,000 dola kwa wiki, ila sasa mswada uliletwa na wengine, waigizaji wenzake walichaguliwa na wengine, na hakuruhusiwa tena kufanya ile michezo ya hatari iliyomfanya awe Keaton. Ndoa ikavunjika, jumba likaenda, pombe ikachukua nafasi. 1933 wakamfukuza. Miaka michache baadaye alirudi MGM ileile kubuni vichekesho vya wengine kwa 100 dola kwa wiki.

Soma hizo namba tena. Watu husema ujio wa sauti ndio uliommaliza, kana kwamba ni mvua iliyomnyeshea. Lakini kabla hajafungua mdomo kwenye skrini alikuwa ameshatia sahihi. Pombe ilikuwepo, sikatai, na hakuna aliyemshikia chupa. Ila ukisimulia pombe ukaacha mkataba, umefanya kile Wilder alichomfanyia Norma.

Na filamu zake hazikuwa mali yake. Mwigizaji James Mason alipokuja kununua lile jumba la Beverly Hills, alikuta humo makopo ya filamu za Keaton yamehifadhiwa na kusahaulika. Kazi ya mtu imelala kwenye nyumba isiyo yake tena, huku mwenyewe yuko upande wa pili wa mji akicheza karata mbele ya kamera ya Wilder kama mzaha.

Lakini maisha yake hayakuishia pale mezani, na hapa ndipo filamu inashindwa kabisa kuona mbele. Keaton alifanya kazi ya televisheni, akafanya matangazo ya biashara bila kuona haya. Mwaka wa 1957 Paramount ilitoa filamu kuhusu maisha yake, filamu mbovu kwelikweli, lakini walimlipa 50,000 dola na akanunua nyumba huko Woodland Hills, akafuga kuku. Akapewa Oscar ya heshima. Mwaka wa 1965, kwenye tamasha la Venice, watu walisimama wakampigia makofi. Alifariki Februari 1966 akiwa na miaka 70. Ni mtu aliyeishi, akaumia, akafanya kazi, akalisha kuku.

Gloria Swanson, aliyeigiza Norma, ndiye anayenifurahisha zaidi. Naye alikuwa na miaka 50 kamili walipoanza kurekodi mwaka wa 1949, naye alikuwa staa mkubwa wa enzi zile, kwa hivyo watazamaji wengi waliamini wanamwona yeye mwenyewe. Hapana. Swanson alikuwa ameshahamia New York, ana kipindi chake cha televisheni. Kabla ya vita alianzisha kampuni ya uvumbuzi iliyosaidia wavumbuzi Wayahudi kutoroka Ulaya. Alipoitwa na Paramount alikasirika kuambiwa afanyiwe majaribio ya kamera, kisha akayafanya, akachukua kazi. Ndiye mwenye akili timamu kuliko wote mle ndani. Picha ambayo Norma anajitazama sebuleni ni Queen Kelly, filamu ya kweli ya Swanson, iliyokwama mwaka wa 1929 alipomfukuza mwongozaji wake, Erich von Stroheim. Na Max ni nani? Ni Stroheim huyohuyo, sasa amevaa glavu nyeupe na kufungua mlango. (Tena hakujua kuendesha gari, kwenye matukio ya barabarani ilibidi gari livutwe.)

Baada ya hapo Swanson aliletewa miswada mingi ya akina Norma wengine. Hollywood iliona mwanamke wa miaka 50 na ikakumbuka hadithi moja tu. Wakati huohuo, katika Sunset Boulevard, Cecil B. DeMille anaigiza kama yeye mwenyewe, akiongoza filamu, anaheshimiwa, viatu vinang'aa. DeMille alimzidi Swanson miaka 18. Hakuna hata mmoja mle ndani anayemwita sanamu ya nta.

Inasemekana filamu ilipoonyeshwa kwa wakubwa wa Hollywood, Louis B. Mayer, bosi wa MGM, alimfokea Wilder kwamba ameiaibisha kazi iliyomlisha. Mayer, ambaye studio yake ndiyo iliyomfukuza Keaton. Mwaka uliofuata naye akasukumwa nje ya MGM. Sijaona video ya "yuko wapi siku hizi?" kumhusu.

Basi nilirudi kwenye ile klipu yangu. Nilijiuliza kipindi kile kilirudiwa mara ngapi kwenye televisheni tangu tukiwa watoto, na nani alilipwa kila kiliporudiwa, na kwa nini hilo halikunijia siku ile nilipoandika neno langu moja. Halafu, kwani sukuma wiki ni aibu tangu lini? Nilikuwa nimeila jana yake.

Niliitazama hadi mwisho, jambo ambalo sikuwa nimelifanya. Yule jamaa anaongea na mama fulani aliye mbele yake kwenye foleni, wote wawili wanacheka. Matatu inasimama. Anamshikia mama mzigo apande kwanza, kisha anapanda yeye, na mwenye simu anaendelea kurekodi steji tupu kwa sekunde mbili hivi kabla ya kuzima.